Maua ya Bafuni kwa Minza

Jumamosi. Joto kavu, vumbi mpaka kwenye meno. Mvua imegoma. Mimi sikusoma; Neema, mjukuu wangu, ndiye anayebonyeza haya kwenye simu, na nimemkataza kunipambia maneno.

Maua yangu ya kando ya njia yamefunguka leo. Yale mekundu, yenye majani mapana kama ya mgomba. Ukiyakata yanarudi, ng'ombe akiyakanyaga yanarudi, maana uhai wake uko chini, kwenye kiazi. Wapitao wananisifu.

Si yangu. Ni ya Minza.

Minza alikuwa jirani yangu. Alinigombeza kama mama mkwe, na nilipougua akanilishia watoto. Ule mwaka wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja na malori yao, kila mmoja na bei yake, tulipagawa. Tukapanda pamba mpaka mlangoni, mahindi tukayasahau. Kisha mvua ikakata. Pamba hatuna, ugali hatuna.

Kwa Minza tu ndiko kulikochanua. Kijijini wakasema ni mchawi, kaifunga mvua. Wakasema tazameni na macho yake yalivyo mekundu. Mekundu ndiyo, kwa moshi, kama ya kila mwanamke anayepikia mavi ya ng'ombe. Hata yangu.

Mimi nilijua. Maua yalikuwa nyuma ya bafu lake la mabua, yanakunywa maji ya kuogea. Nilikuwa naoga humo mwenyewe, bafu langu mchwa walishalimaliza.

Kwenye mkutano wa kijiji wakaniuliza, "Wewe unaingia kwake. Anayamwagilia nini?"

Nikasema sijui.

Niliogopa wangenigeukia mimi. Minza akawakimbia, akahamia Kalemela kwa ndugu zake, na huko ndiko alikofia. Asubuhi ya kuondoka aliniachia viazi vya maua mlangoni, kwenye beseni. Tangu hapo, kila yanapochanua nasikia mtu anajimwagia maji bafuni. Nikienda, pakavu.

Leo amekuja Kabula, binti yake. Akapiga goti, akanisalimu kwa kilugha chetu, "Mwadila, mayu," yaani mama. Akayatazama maua, akayatazama tena.

"Mama alikuwa nayo kama haya. Uliyatoa wapi, mayu?"

"Yaliota tu."

Bibi mzima na mvi zangu, naongopa mara ya pili.

Sasa yuko ndani anakula kuku niliyemchinjia. Neema ameacha kubonyeza, ananikodolea.

"Bibi, kumbe ulijua?"

Andika, wewe. Hilo hasa ndilo uliandike.

Beseni lile bado ninalo, limetoboka pembeni. Nimechimba viazi vitatu, nimeviweka humo na udongo wake. Kabula anaondoka na gari la asubuhi. Nitalitua beseni miguuni pake, na kabla hajashukuru nitamwambia nilikuwa naoga wapi mwaka ule.

Baada ya hapo, akitaka kuniita mayu, aniite. Asipotaka, beseni ni lake.