Ukuta wa Stoo

Jumatatu, 1 Septemba

Fundi Shabani kafika saa nne badala ya saa mbili. Leo siku ya sita, na choo bado ni mistari ya chokaa sakafuni. Shimo la maji machafu limefika kiunoni. Chini ni mwamba. Hapa Unyambwa ukichimba hata pa kupanda mpapai unaukuta, sijui nilitegemea nini. Kagonga nyundo mpaka mpini umekatika, halafu kaniita niutazame mwamba, kana kwamba mimi ndiye niliyeuweka.

Mama mkwe anakuja mwisho wa mwezi. Alivunjika nyonga kule Nduguti, kafanyiwa upasuaji, hawezi tena kuchuchumaa. Choo changu kiko nje na ni cha kuchuchumaa. Anahitaji cha kukaa, ndani ya nyumba. Nilidhani ni kazi ya wiki moja.

Jumanne, 2 Septemba

Shimo linahamia mashariki, kwenye udongo laini. Kwa sababu hiyo choo hakiwezi tena kukaa kwenye kona ya chumba cha wageni. Kinahamia stoo, chumba cha pili yake. Lakini mlango wa stoo uko uani. Kwa hiyo ukuta wa katikati utobolewe mlango mwingine. Shabani anaeleza haya yote huku anatabasamu.

Nimetoa stoo magunia ya alizeti, majembe, mitungi, baiskeli ya marehemu mume wangu. Vyote viko sebuleni. Cherehani nimeileta nyumbani kutoka kibandani mjini, maana fundi bila kusimamiwa hafanyi kitu. Nashona sare za shule nimekalia gunia. Mgongo unauma.

Jumatano, 3 Septemba

Hakuja. Simu imezimwa. Nimepika chakula cha watu wawili, nimekula peke yangu, cha watu wawili.

Alhamisi, 4 Septemba

Niandike tu.

Shabani kaweka tindo ukutani, kapiga mara tatu. Plasta ikabanduka kipande kikubwa kama mlango. Ndani udongo. Siyo tofali za kuchoma. Tofali mbichi tupu, zinamomonyoka ukizigusa kwa kidole. Karuka nyuma, na ukuta ukalala wote, kutoka dirishani mpaka kwenye kona. Boriti ya paa ikalia. Tumekimbia kutafuta miti ya kuegemeza. Tumeegemeza minne.

Kajifuta vumbi usoni. "Mama Neema, nani alikujengea hii nyumba?"

"Mume wangu."

Akainama kuokota tindo. Afadhali hakuuliza zaidi.

Mimi ndiye niliyechota maji ya kufyatulia zile tofali, na Neema tumboni. Tanuru liliwaka siku tatu, nilikuwepo. Kisha nikaenda kwa mama yangu kujifungua. Niliporudi baada ya miezi miwili nyumba imesimama, imepigwa plasta, nzuri. Baba Neema akaniambia kila tofali limepita motoni. Miaka kumi na minane nimewatambia watu nyumba hii. Yeye yuko kaburini mwaka wa nne. Nimgombeze nani?

Ijumaa, 5 Septemba

Elia, shemeji yangu, kapiga simu. Kapata safari ya kikazi, hana wa kumwachia mama. Anamleta kesho. Nimemwambia nyumba haina ukuta. Kasema mama hana makuu, atakaa popote. Nimemkatia.

Jumamosi, 6 Septemba

Wamefika saa saba, mama kiti cha mbele cha gari la kukodi, na mito miwili. Kakonda. Nimepiga magoti, shikamoo mama. Kaniwekea mkono kichwani, kausahau hapo muda mrefu.

Kitanda nimekitandika sebuleni kati ya magunia. Shabani katoboa kiti cha plastiki katikati, kaweka ndoo chini. Kafanya bila kuombwa. Nimeona aibu kwa niaba ya kila mtu, lakini kinafanya kazi.

Jioni mama kaomba kuuona ukuta. Kasogea na fremu yake ya kutembelea, hatua moja moja. Katazama lile rundo la udongo. Kasema neno kwa Kinyiramba, sikulishika. Mimi ni Mnyaturu, naambulia nusu. Kisha kwa Kiswahili:

"Kumbe hapa alijengea hizi. Na za kuchoma zote zikaja kwangu."

Nikauliza zipi.

Kanitazama kama anadhani namtania. Mwaka ule mvua iliangusha nyumba yake Nduguti. Mwanawe alimpelekea lori mbili za tofali, akamjengea. "Akaniambia ni wewe uliyesema ziende. Kwamba ulisema mama hawezi kulala nje nasi tuko na tofali. Mwanangu, sijawahi kukushukuru vizuri."

Nimesema asante mama. Sijui kwa nini nimesema asante.

Jumapili, 7 Septemba

Sikwenda kanisani. Nina hasira. Kila mavuno mama huyu ananiletea dumu la mafuta ya alizeti, la kwanza kukamuliwa, na sikuwahi kujua kwa nini mimi na siyo wake wengine wa wanawe. Nilidhani ananipenda. Kumbe analipia neno ambalo sikulisema.

Baba Neema kadanganya watu wawili kwa tofali zile zile. Na amelala zake salama.

Jumanne, 9 Septemba

Tumegombana, mimi na Shabani. Nataka ukuta wangu. Yeye hataki. Anasema tusimamishe nguzo mbili za zege na linta juu ya kubeba paa, ile nafasi ibaki wazi: choo upande wa stoo, kitanda upande wa pili, pazia katikati. Nimemwambia ni uvivu. Kaenda kuleta fremu ya mama, kajaribu kuipitisha katikati ya alama za sakafuni za ule mlango tuliotaka kutoboa. Haikupita. Ilizidi pande zote mbili.

Kwa hiyo wiki nzima tulikuwa tunahangaikia mlango ambao asingepita. Nimekubali. Sikumpa raha ya kuniona nacheka.

Alhamisi, 11 Septemba

Nguzo zimemwagwa jana. Leo nyumba imetulia, Shabani kaenda kutafuta mabomba.

Mama kanishukuru tena. Nilikuwa namkanda mguu. Nikashindwa. Nikamwambia: "Mama, mimi sikusema. Mwanao hakuniuliza. Sikujua chochote mpaka jioni ile uliponiambia."

Kavuta shuka, kafunika mguu. Nikaogopa nimemvunja mtu ambaye tayari kavunjika.

Kisha akauliza, "Na kama angekuuliza?"

Ningeweza kudanganya. Lakini katika nyumba hii uongo umetosha. Nikamfikiria yule msichana wa miaka ishirini na minne, mimba kubwa, ndoo kichwani, tofali zake. "Ningekataa, mama."

Kacheka. Kacheka mpaka kashika nyonga na kusema yoo. "Ndiyo maana hakukuuliza."

Nami nikacheka. Halafu nikalia, na yeye hakuninyamazisha. Mafuta nayo kanieleza: alianza kwa shukrani, lakini baada ya miaka michache alikuwa analeta tu. Siwezi kujua kama ni kweli. Nimeamua kuamini.

Bado nina hasira na Baba Neema. Imepungua, haijaisha.

Ijumaa, 19 Septemba

Choo kimefungwa. Kimevuja. Kimefungwa tena. Rangi ya kuta siyo niliyochagua, Shabani anasema hii ndiyo iliyokuwepo dukani. Sina nguvu ya kubishana. Miti ya kuegemeza bado ipo, zege likauke vizuri.

Leo mama kaenda chooni peke yake, kavuta pazia. Mimi na Shabani tumesimama sebuleni tumebana pumzi kama wezi. Tukasikia maji yakishuka. Shabani kaangalia pembeni, macho yamelowa, kadai ni saruji.

Jumatatu, 22 Septemba

Leo nimerudi kibandani mjini. Mara ya kwanza tangu niihamishe cherehani. Upepo mkali, vumbi tupu njia nzima. Watu wamenisubiri, wawili wameninunia.

Mama nilimwachia sketi za sare na bakuli la vifungo, maana alisema amechoka kutazama dari. Niliporudi alikuwa amelala, miwani puani. Kashona vifungo kumi na viwili. Viwili vimekaa upande.

Nimeviacha hivyo hivyo.