Mifupa Uliyoistiri, Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana hata ulipokuwa hai hukuwa mwepesi wa kuitika. Ulitaka kwanza umalize kutafuna.

Leo asubuhi nilikuwa makaburini. Kutoka ulipolala mpaka ukingoni, pale bahari inapomega udongo, nimehesabu hatua kumi na tisa. Masika yaliyopita zilikuwa thelathini na kitu. Umelala ubavuni mwa bibi, kama ulivyotaka, ingawa siku hizi kijiji kizima kinazika kule juu kwenye mikorosho. Tulikuomba ukubali kule juu, ukakataa. Basi nimekaa pale nikijiuliza jambo ambalo watoto wa watu wengine hawajiulizi: bahari ikikufikia, nani atakuokota? Kazi hiyo hapa kijijini ilikuwa yako, na aliyekuvua kazi hiyo ni mimi.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Nikianzia hapo nitalia tu na barua haitaandikika.

Nilikuwa darasa la tatu siku bahari ilipomtoa bibi kwa mara ya kwanza. Walikuja watu wawili mpaka barazani wakasema vile walivyosema siku zote, "Mzee, kuna mtu katoka." Hukuuliza ni nani. Hukuwahi kuuliza. Ulifungua sanduku la bati, ukatoa bafta nyeupe ya sanda, ukanipa mimi kikapu nikibebe. Tulipofika ndipo ukaona kwamba ni upande wa mama yako. Ulikaa chini mchangani kidogo, kisha ukaanza kazi. Uliokota mpaka vidole. Mimi nilikuwa nimegeuza uso, ukaniambia, "Usiogope, mwanangu. Bibi yako kaanguka tu, nasi tunamwinua." Tulimzika upya hatua nyingi kutoka majini, ukasoma dua, tukarudi nyumbani tukala mihogo na samaki. Ulikula vizuri. Nilishangaa sana siku ile kwamba mtu anaweza kumwokota mama yake na bado akaomba aongezewe samaki.

"Mfupa hauachwi juani," ndivyo ulivyokuwa ukisema. "Uwe wa nani, uwe wa nani, mfupa una mwenyewe."

Nilipopata kazi ya askari wa hifadhi, hakuna aliyefurahi kukushinda. Ulilianika lile gwanda langu la kijani kwenye kamba ya nguo siku tatu, eti linakauka, na lilikuwa halijafuliwa. Ukaanza kuniita Afande. "Afande, uji umepoa." "Afande, kuku wako kaingia jikoni, mkamate." Wageni wakija ulinyanyuka mwenyewe kwenda kuniita, wewe usiyenyanyuka kwa mtu. Nilijifanya nakereka. Baba, sikukereka hata siku moja.

Kisha ikaja ile mvua iliyoporomosha ukingo upande wa kaskazini, na wataalamu wakaja kutazama. Ndani ya udongo ule mgumu kulikuwa na mbavu. Walisema ni za mnyama wa baharini wa kale sana, pengine jamaa wa nguva, aliyekufa kabla ya kuwapo watu, na mifupa yake imekuwa jiwe. Visukuku. Tukapelekwa semina mjini, tukafundishwa kanuni za kulinda mahali kama pale. Usiguse. Usihamishe. Usioshe. Ukiona, toa taarifa. Walitueleza kwamba kisukuku kikitolewa kilipolala bila kuandikwa kilikuwa wapi, ni sawa na barua iliyochanwa. Nilielewa, na mpaka leo naamini hivyo. Maneno ya kibao chetu cha kanuni niliyapanga mimi.

Ila kulikuwa na kanuni moja ambayo haikuwekwa kwenye kibao. Ilikuwa ya sisi watumishi: mahali penyewe pasitajwe kwa mtu yeyote, maana wapo wanaokuja na sururu na magunia. Ndiyo maana kibao kilisimikwa getini, mbali kabisa na mifupa, kisije kikawaonyesha njia.

Jioni ile uliniuliza, "Mmeona nini huko, Afande?"

Nikakujibu, "Mawe tu, baba."

Ningekwambia pale pale, mambo yote haya yasingetokea. Nilijua kazi yako. Nilikubebea kikapu utotoni. Nilijua kwamba kila bamvua, yale maji makuu ya mwezi, linapopungua wewe unapita ukingoni kutazama kama kuna mtu katoka, na niliziona mbavu zile zilivyopinda kama za binadamu. Lakini nilikuwa mgeni kazini, na mgeni kazini hushika amri kwa mikono miwili. Nilijiona hodari kwa kunyamaza. Nilijivunia, baba, kwamba hata wewe sikukwambia.

Wiki tatu baadaye ulirudi nyumbani umechoka, udongo mpaka kwenye kope, na umefurahi. Ukasema, "Leo katoka mtu mkubwa. Mbavu nene kama mpini wa jembe! Na uzito, nnakwambia, nimepumzika mara nne. Nadhani ni baharia wa zamani. Nimemlaza karibu na mama, asiwe peke yake."

Hapo bado nilikuwa na nafasi ya kukaa karibu nawe nikueleze. Badala yake nilitoka nje, nikasimama nyuma ya jiko, nikapiga simu ofisini. Nilirudi ndani nikakupakulia chakula. Ulinishukuru.

Kesho yake lilipokuja gari ndipo ulipojua. Hukubisha. Uliwaongoza wewe mwenyewe hadi makaburini, ukaomba koleo, ukasema hakuna mwingine atakayefukua. Ulimkuta kama ulivyomlaza, ndani ya bafta, kaelekezwa kibla. Ukainama ukamwambia, "Tuwie radhi, mgeni." Kijana mmoja mtaalamu alitaka kucheka, halafu akavua kofia.

Ningependa mambo yangeishia hapo. Lakini ukaitishwa mkutano kwenye ofisi ya kijiji, na mkubwa wangu akasimama kueleza hasara iliyopatikana. Alikuwa na haki ya kusikitika. Akakugeukia akauliza, kwa upole kabisa, "Mzee wetu, binti yako ndiye mwandishi wa kanuni hizi. Kweli hukuambiwa kwamba mifupa ya kale haiguswi?"

Watu wote walinigeukia mimi. Nilitazama viatu vyangu. Nakumbuka kimoja kilikuwa na kamba iliyolegea.

Ukasema, "Niliambiwa. Ni uzee tu huu, nimesahau."

Wewe! Wewe uliyejua nani kalala wapi tangu kabla sijazaliwa, bila karatasi. Watu walicheka kidogo, cheko la kumhurumia mzee, na wewe ukacheka nao. Kisha ukatia sahihi kwamba hutagusa tena mfupa wowote pwani ile bila kibali. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwako na mdomo ninao. Sikuufungua.

Jioni, tulipokuwa tunakula, ulianza kunieleza. "Yule mgeni, kama mnataka kujua, alikuwa chini ya ule mkanda wa makombe ya chaza. Shubiri tatu chini yake. Kalalia tumbo, kichwa upande wa mtoni." Nikakukata kauli. "Baba, yameisha." Ukaendelea na tonge lako. Na kwenye ripoti, pale panapoulizwa kisukuku kilitoka wapi, niliandika kwa mkono wangu: mahali halisi hapajulikani. Palijulikana. Tulikuwa tumekaa sinia moja na anayepajua, nami niliona haya kumsikiliza.

Tangu siku ile hukuniita Afande. Ulianza kuniita kwa jina langu, vizuri tu, kwa heshima, kama unavyomwita mpangaji.

Masika yaliyofuata bahari ilifungua makaburi mawili. Watu wakaja barazani kama kawaida, "Mzee, kuna mtu katoka." Ukawajibu, "Nendeni hifadhini mkaombe kibali." Nilidhani ni kisirani, nikakununia. Haikuwa kisirani. Ulikuwa umetia sahihi, na sahihi yako ilikuwa neno lako. Ofisini nako hapakuwa na fomu ya mifupa ya watu. Kila mmoja alisema hilo si lake. Mifupa ilikaa siku nne. Siku ya nne yakaja maji makubwa, na hapakuwa tena na cha kuombea kibali. Hakuna aliyekulaumu, na hakuna aliyeichukua kazi. Wewe uligeuza kiti chako barazani, ukawa unatazama ukuta wa nyumba.

Nilikuwa nikikupita pale kila asubuhi na gwanda langu. Kila asubuhi nilisema moyoni, leo jioni nitamwomba radhi. Jioni zilikuwa nyingi, baba. Hata ulipolazwa, nilikaa pembeni ya kitanda nimeyapanga maneno yote, ukafumbua macho ukaniuliza, "Umekula?" Nikasema nimekula. Ukasema, "Haya." Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, na hata hilo lilikuwa uongo, nilikuwa sijala.

Sasa nikwambie ya siku hizi.

Mwezi uliopita nilikwenda ule ukingo wa kaskazini, peke yangu. Nikautafuta mkanda wa chaza. Upo, mweupe, umekwenda sambamba na udongo kama pindo la kanzu. Nikapima shubiri tatu kwenda chini. Sikuona kitu. Nikakumbuka kwamba mkono wako ulikuwa mkubwa kuliko wangu, nikashuka kidogo zaidi, na hapo palikuwa na ncha ya ubavu mwingine, umebaki ndani. Ulikuwa umesema kweli mpaka kwenye kiganja. Sikuugusa. Niliandika taarifa upya, nikafuta yale maneno ya hapajulikani, na penye mtoa habari nikaandika jina lako kamili. Mkubwa wangu alisoma akauliza huyu ni nani, kama anaweza kuitwa aje aeleze zaidi. Nikamwambia haiwezekani, ni marehemu, na ni baba yangu, na siku ile ya mkutano hakuwa ameambiwa. Nilimweleza yote. Akasema ningesema mapema. Najua.

Kanuni ni nzuri, baba, sizitupi. Nimeona mashimo waliyoyaacha wenye sururu. Lakini nimeomba iongezwe moja: kwamba wanaostiri wafu wa kijiji ndio wawe wa kwanza kuambiwa kilichoonekana ukingoni na kipo wapi. Wanaijadili. Ungekuwapo, ungekuwa mlinzi wao wa kwanza, na usingedai hata gwanda.

Na hili la hatua kumi na tisa. Shehe nimekwisha kumwona. Akaniambia mwanamke haziki. Nikamwambia nalijua hilo, wanaume watazika. Mimi naomba kuokota tu, maana hakuna mwingine hapa uliyemfundisha. Hakunijibu ndiyo wala hapana. Alisema, "Kikapu unacho?" Ninacho, baba. Kile kile, nimekishona kishikio.

Jana nilikwenda Mikindani, lile duka la Wahindi ulikokuwa ukinunua bafta. Mzee mwenye duka hayupo tena, yupo mwanawe. Alipima, akakata, akakunja vizuri kama alivyokuwa akikunja baba yake. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Pole, dada. Nani katutoka?"

Nikamwambia, "Hajatoka bado. Ni ya baba yangu."

Lala, baba. Bamvua hili nitakuja, na lijalo nitakuja. Ukitoka utanikuta.

Mwanao,
Afande