Tete Alilopimiwa Dionisi kwenye Mkutano wa Mazoezi ya Viungo

KITUO CHA POLISI IFAKARA, WILAYA YA ULANGA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Scolastica, mjane wa Kelestini
Umri: Haujui. Anasema Wadachi walipoondoka alikuwa tayari na watoto wawili. Nimekadiria miaka sitini.
Kazi: Mkulima wa mpunga
Makazi: Mofu. Kwa sasa amefikia kwa mwanawe, Kibaoni.
Dini: Mkatoliki
Yameandikwa leo tarehe 22 Juni 1956, saa tatu asubuhi, na Koplo Wendelin.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikusoma, kwa hiyo Koplo ataandika na mimi nitasema, na nimemwomba asinipambie maneno. Nimeomba pia niseme nikiwa nimesimama, maana mjukuu wangu amefungiwa nyuma ya ukuta huu na kukaa siwezi. Koplo amekubali.

Mnamo tarehe 21 Juni, siku ya Alhamisi, niliondoka Kibaoni asubuhi pamoja na mjukuu wangu Dionisi na mkewe Justa, tukaenda uwanja wa shule. Dionisi ni mtoto wa binti yangu marehemu, nimemlea mwenyewe tangu ananyonya. Kazi yake ni kuvusha watu na mpunga kwa mtumbwi pale Mofu. Hatukwenda kuzurura, tuliitwa. Jumbe alitwambia kuna mkutano mkubwa wa walimu wa mazoezi ya viungo na waganga wa hospitali, wametoka Mahenge, Kilosa, Morogoro, hata Dar es Salaam. Wanazungumza habari za mwili wa binadamu, unavyoinama, unavyobeba, unavyochoka, na namna ya kuutunza usizeeke vibaya. Walitaka kuwaona watu wa bondeni wakiwa kazini. Sisi wanawake tutwange, na Dionisi aonyeshe anavyosimama mtumbwini na kusukuma pondo, ule mti mrefu wa kuendeshea mtumbwi.

Asubuhi ilikuwa njema, niseme kweli. Walimu wenye kaptula nyeupe walijipanga uwanjani wakawa wanainama na kuinuka, watu wazima kabisa, na hakuna hata mmoja mwenye jembe mkononi. Nikamuuliza mmoja wanapalilia nini. Akacheka, akasema, "Bibi, tunapalilia mgongo." Nikampenda palepale. Huyo ndiye Mwalimu Leodegar. Alinipa shikamoo yangu kabla hajakitazama kinu. Mwingine alinishika bega natwanga, eti asikie msuli unavyokwenda. Nikamwambia marehemu mume wangu alikuwa akiomba ruhusa kwanza. Walicheka wote, hata Bwana Mkaguzi, yule Mzungu aliyeuongoza mkutano, alipokwisha kutafsiriwa.

Saa tano hivi ikafika zamu ya Dionisi. Mwalimu Leodegar alitaka kujua urefu wa mtu na urefu wa pondo lake vinapatana vipi. Utepe wa kupimia ulikuwa darasani kwa waganga, wanapima vifua vya watoto wa shule. Mwalimu hakungoja. Alikwenda kwenye mfereji nyuma ya uwanja akakata tete refu. Akatandika mkeka, akamwambia Dionisi alale chali, miguu pamoja, mikono ubavuni. Dionisi akalala, akidhani na hayo ni mazoezi. Mwalimu akalilaza tete ubavuni mwake kutoka kisiginoni mpaka utosini, akatoa kisu, akalikata pale kichwa kilipoishia.

Koplo, wewe ni mtu wa Mahenge, unajua. Lakini karatasi hii itasomwa na wasiojua, kwa hiyo andika. Kwetu mtu hupimwa kwa tete mara moja tu. Hupimwa amelazwa kwenye mkeka namna ileile, naye hainuki tena, na tete hupelekwa kwa wachimbaji wapate urefu wa kaburi. Likishatumika huzikwa naye. Haliletwi nyumbani. Tete la mtu likizunguka juu ya ardhi, ujue kaburi lake linamngoja.

Wanawake tuliacha kutwanga. Justa akajifunika uso kwa kanga. Dionisi aliinuka taratibu, akajipangusa, akaliomba lile tete kwa adabu. Mwalimu akasema atampa baadaye, kwanza auonyeshe mkutano alichopima. Hakusema kwa ubaya. Mwalimu Leodegar ni mtoto wa hukuhuku, lakini alipelekwa shule angali mdogo, akasomea mbali, na kila alipofiwa alipata habari watu wamekwisha kuzika. Hajashika jembe la makaburini. Angejulia wapi?

Mchana tulipewa wali na nyama. Dionisi hakula. Nikamtania kama ninavyomtania siku zote, "Mume wangu, ukikataa chakula cha serikali mimi naolewa na mwalimu." Hakucheka. Alikuwa akitazama dirisha la darasa, maana tete lilikuwa limeegemezwa mle ndani ubaoni. Akaondoka, akarudi, akaondoka tena. Na mimi nikawa vilevile, nikikaa nasimama, nikaenda kuosha sufuria ambalo hata si langu. Nilingoja mwalimu amalize kula nimweleze, kwa sababu mambo ya kaburi hayasemwi mbele ya chakula. Wasomi wanakula polepole sana, wanazungumza kila tonge.

Saa nane walikusanyika mbele ya baraza la shule. Nilikuwa nimesimama pembeni, upande wa jikoni, nikitafuta njia ya kumfikia mwalimu. Sikuwahi. Alipanda barazani, akaliinua tete wima mbele ya watu wote, akasema kwa furaha, "Mabwana, huyu hapa ndiye Dionisi."

Dionisi akapanda ngazi akalishika kwa mikono miwili. Hakumpiga. Nasema tena, hakumpiga. Mwalimu hakuachia, nadhani aliona ni mzaha. Wakavutana, wakazungukana, mpaka mwalimu akawa ameupa mgongo ukingo wa baraza, upande niliokuwapo mimi. Dionisi alisema, "Nirudishie mwili wangu." Mwalimu akamuuliza ana nini. Watu walikuwa wanacheka, wakidhani ni sehemu ya maonyesho.

Hapa niseme jambo. Njiani kuja kituoni Justa alinisihi niseme mwalimu aliteleza mwenyewe. Anaogopa. Ana mtoto mgongoni na mpunga wao umesimama shambani unaliwa na ndege. Namwelewa. Lakini mwalimu hakuteleza, na sitasema aliteleza. Niliona wanakaribia ukingoni, nikaogopa wataanguka wote wawili. Nikaita, "Dionisi, mwachie!" Akaachia. Palepale, mikono yote miwili. Mtoto huyu nikisema jambo analifanya kabla sijafunga mdomo, ndivyo nilivyomlea. Mwalimu alikuwa anavuta kwa nguvu zake zote. Tete likamjia lote, akaenda kinyumenyume, akaanguka chini juu ya mkono wake. Nilisikia mfupa.

Nimeulizwa kuhusu Bwana Mkaguzi, ambaye amesema Dionisi alimsukuma mwalimu. Jibu: Bwana Mkaguzi alikuwa ameinama anaandika. Watu walipopiga kelele akainua kichwa, akaona mmoja amesimama mikono mbele na mwingine yuko chini. Simwiti mwongo. Alichelewa kutazama.

Nimeulizwa kama Dionisi alikuwa na hasira. Jibu: alikuwa na hofu. Nimeulizwa kama naweza kutofautisha hasira na hofu. Jibu: nimezaa watoto tisa, nimezika watano. Naweza.

Nimeulizwa kilichofuata. Dionisi hakukimbia. Aliruka chini, akapiga magoti, akamshika mwalimu kichwa. Dresa wa hospitali alipokuwa anamfunga mkono ndipo nikamweleza mwalimu habari ya tete. Uso wake ulibadilika kuliko ulivyobadilika kwa maumivu. Kisha, akiwa bado chini, akanyoosha miguu yake, akaulaza mkono mzima ubavuni, akaniambia, "Bibi, nipime na mimi kwa hilohilo. Kama ni kwenda, twende wawili."

Tete lilikuwa limeanguka miguuni pangu. Watu wote wakanitazama. Dionisi naye akanitazama, na niliona anataka nipime.

Nikamwambia mwalimu, "Inuka, mwanangu. Mama yako hakukuzaa ili mimi nikuchimbie." Nikalikalia lile tete. Nililikalia kwa makalio yangu haya, nikakataa kuondoka, mpaka askari walipokuja wakaninyanyua. Wakachukua tete, wakamchukua na Dionisi.

Sasa nasikia shauri litakwenda bomani Mahenge, na kwamba anaweza kufungwa. Nataka huyo atakayesoma anijibu. Mjukuu wangu alishika kilicho chake, akaachia alipoambiwa na mkubwa wake. Mnamfunga kwa lipi katika hayo? Kama ni kosa kuachia, aliyesema aachie ni mimi, na mimi nimesimama hapa, sijajificha.

Nimemaliza. Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, sikuongeza wala sikupunguza, na Koplo aliponisomea nimesikia ni mimi ninayesema.

Alama ya dole gumba la kushoto la shahidi: (imewekwa)

Maandishi ya afisa:
Maelezo haya nimeyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na kumsomea shahidi. Ameniamuru nirudishe neno "makalio", ambalo nilikuwa nimeliondoa. Nimelirudisha.

Saa tano asubuhi Mwalimu Leodegar alifika kituoni mkono ukiwa umefungwa, akasema hakusukumwa wala kupigwa, na kwamba yeye hana shtaka. Maelezo yake yako kwenye karatasi ya pekee. Bwana Mkaguzi ameshikilia maneno yake. Sajini ameagiza mtuhumiwa aachiwe kwa dhamana ya shahidi huyu hadi Bwana Shauri wa bomani Mahenge atakapoamua. Wameondoka saa sita mchana, mtuhumiwa akitembea katikati ya bibi yake na mwalimu.

Kidhibiti kilichobaki kituoni: tete moja, limekatwa kwa kisu upande mmoja. Fomu inadai niandike urefu wake. Nafasi hiyo nimeiacha wazi. Sikulipima.

Koplo Wendelin