Jiwe Lililofaulu Kila Somo

Nyumbani, chumbani kwa Mama,
Jumapili, 19 Julai.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Hujambo? Wifi hajambo? Na binti yenu Kidomodomo, bado anawauliza maswali mpaka mnajificha? Sisi huku tupo tupo tu, pumzi tunavuta. Mimi mwili mzima, ingawa sauti imenikauka kwa kupigia kelele darasa lililojaa mpaka mlangoni. Moyo ndio sina la kusema juu yake, nitaufikia.

Mama hajainuka. Tangu alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, analala ubavu mmoja akitazama ukuta. Daktari alisema waziwazi: akipasuliwa na kuwekewa kiungo cha chuma, atatembea, asipopasuliwa, kitanda ndiyo nyumba yake. Juzi nilimgeuza nikaona mgongo umeanza kuchubuka. Nililia jikoni, bomba nimelifungulia ili asinisikie.

Unajua hatuna kitu. Kilichobaki ni ile pete ya almasi ambayo marehemu Baba alimvisha walipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Nilipomwomba aivue tuiuze, alikataa katakata. Alisema mguu wake umezeeka, wa nini tena kuutengeneza. Nilidhani ni mapenzi ya marehemu. Nilimbembeleza, nikamsihi, mwisho nikamfokea, Mungu anisamehe, mpaka akanyoosha kidole mwenyewe huku amegeuza uso.

Almasi hainunuliwi kwa macho, kwa hiyo niliipeleka kwa mthamini. Ofisi yake ni chumba kidogo juu ya duka la miwani, mlango wa chuma, mezani taa nyeupe, hadubini, na mizani iliyofunikwa kwa kioo ili hata pumzi isiiguse. Mtu mwenyewe mpole, anaongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Alilitoa jiwe kwenye pete mbele yangu, akalisafisha, akanipa stakabadhi, akaniambia nirudi wiki ijayo na cheti cha zamani kama kipo. Kipo, kwani Baba alitupa nini? Hata risiti ya ndoo aliihifadhi.

Ripoti ilipotoka niliisoma palepale kwenye kiti cha wateja. Unanijua, karatasi yoyote yenye alama naisoma kama ya shule. Uzito, karati moja kasoro kidogo. Rangi, herufi ya juu kabisa, maana yake jiwe halina umanjano hata chembe. Usafi, hakuna doa hata chini ya lenzi inayokuza mara kumi. Mkato, bora sana. Mdogo wangu, nilipiga kigelegele! Nikampigia Mama simu nikamwambia jiwe lake limefaulu kila somo. Mama akasema, "Ahaa," akaniuliza kama nimeshakula.

Mthamini alingoja nimalize furaha yangu. "Mwalimu," akasema, "soma na mstari wa chini."

Chini ya alama zote paliandikwa asili ya jiwe: limekuzwa maabara. Alinieleza taratibu kwamba ni almasi kweli, si kioo, ila imetengenezwa na watu kwa mitambo, haikuchimbwa ardhini, na ukitaka kuiuza utapewa kiasi kisicholipia hata kitanda cha wodini. Kisha akaviweka vyeti viwili pamoja. Kila kimoja kina mchoro wa jiwe lake. Kwenye mchoro wa cheti cha Baba pana kidoa cheusi pembeni. Kwenye mchoro mpya hapana kitu. Doa la almasi haliponi, akaniambia, haya ni mawe mawili tofauti.

Nimesahihisha mitihani nusu ya maisha yangu. Mtoto wa alama arobaini akiniletea mia kwa mia, simpigii makofi, nauliza alikaa karibu na nani. Safari hii nilitangulia kushangilia.

Pete ile haikuwahi kutoka nyumbani ila mara moja. Ni mwaka juzi ulipokuja likizo, ukaona inamlegea Mama, ukasema utaipeleka kwa sonara aipunguze. Uliirudisha baada ya siku chache inang'aa, sote tukakusifu. Sitaki kuitaja ile methali ya nguoni, unaijua. Kama ni sonara aliyekuzunguka, nitajie duka lake nikamkalie mlangoni. Kama ni wewe uliyebanwa na dunia, niambie pia. Ila nakwambia ukweli, nimekata tamaa hata na jibu lako, maana liwe lolote, halitamsimamisha Mama. Mjomba nimemwendea, naye anauguza mgonjwa wake. Walimu wenzangu walichanga, ikatosha dawa za maumivu. Sina mlango mwingine wa kubisha.

Nilirudi nyumbani nimejipanga kumdanganya. Hakunipa nafasi. Aliniuliza, "Kile kidoa wamekiona?"

Nilikaa chini. Akanisimulia kwamba alikijua kidoa kile, kidogo kuliko punje ya ufuta. Baba ndiye aliyemwonyesha, akamtania kwamba na wao wawili wanalo lao. Tangu hapo kila asubuhi alikuwa akikitafuta dirishani. Siku uliyomrudishia pete alikitafuta asikione. Muda wote huu alijua! Amefua nayo, amepika nayo, amekuombea kila siku nayo ikiwa kidoleni. Ndiyo maana hakutaka kuivua, na mimi nikamfokea.

Nilimwambia nitakuandikia yote, tena kwa wino mwekundu. Akanishika mkono. "Usimwandikie hayo, mwanangu. Mwandikie jiwe ni zuri. Akiona haya hatarudi nyumbani. Mguu nimeshausahau, yeye sijamsahau."

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi sikuzaa, labda ndiyo maana bado nina hasira nawe. Nakukasirikia, nakulilia, vyote kwa pamoja.

Mjomba anakusalimu. Jirani yetu fundi cherehani naye anakusalimu, na anauliza lini utakuja kuchukua suruali yako, imegeuka pazia dukani kwake. Mpe Wifi salamu zangu, usimsomee barua hii kama hajui. Kidomodomo mbusu, mwambie bibi yake anamtaja. Mungu akulinde huko uliko, akupe na moyo wa kupanda gari uje.

Mama anataka nimsomee barua kabla sijaifunga. Nitamsomea salamu, na mstari mmoja huu alionituma: jiwe ni zuri. Mthamini alilirudisha mahali pake, na Mama ameivaa tena pete yake, ili ukija uikute kidoleni.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,

Kiranja