Rangi ya Ndani ya Kifaru cha Baba

Jumanne jioni

Rangi nyeupe nimeikwangua yote. Baba, aliyeendesha kifaru ujanani jeshini, alichungulia ndani ya hiki kidogo cha plastiki ninachomuundia. "Mwanangu, hapakuwa peupe hivi. Palikuwa na rangi ya dang'a." Nilikasirika kweli. Kwa mfugaji huyu, kila rangi inatoka zizini!

Leo ng'ombe wetu kazaa. Nimeweka kikombe cha dang'a, yale maziwa yake ya kwanza, kando ya kopo, nikaongeza njano kwenye nyeupe tone kwa tone. Mtoto wa jicho wa Baba anazidi, naogopa asije akashindwa kukiona kifaru chake.

Nilipomaliza kupaka ndani, nilimpa Baba kifaru, naye akakisogeza hadi puani. Halafu akainamisha kichwa taratibu, kama anayekwepa kugonga chuma.