Kuanguka kwa Bi. Mabruka: Kumbukumbu za Kikao cha Dharura

KIKUNDI CHA WAPISHI WA SHEREHE, DAGORETTI
Jumamosi, 14 Juni 2025, nyumbani kwa Mwenyekiti

Waliohudhuria: Bw. Muthama (Mwenyekiti), Bi. Nabiha (Katibu), Bw. Kitheka, Bi. Syokimau, Bi. Mabruka
Mwalikwa: Dkt. Valarie, daktari wa neva
Udhuru: Bi. Ajwang (msiba)

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA
Kikao kilianza saa nane na dakika ishirini, Bw. Kitheka akiwa amechelewa. Mwenyekiti alikumbusha kwamba mwezi Aprili Bi. Mabruka aliondolewa kazini kwa barua ya ulevi, baada ya kuanguka jikoni kwenye arusi. Bi. Mabruka alisema tangu barua hiyo ijulikane, mashemeji zake hawali chakula alichopika. "Pombe sijaionja tangu nizaliwe."

KUMB. NA. 2/6/2025: MAELEZO YA DAKTARI
Dkt. Valarie alieleza kwamba seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali ndogo ziitwazo neropeptidi. Mojawapo, oreksini, humfanya mtu abaki macho. Kwa Bi. Mabruka imekaribia kuisha. Husinzia mchana, na akicheka sana misuli hulegea ghafla. Dawa za kupunguza hali hiyo zipo. Za kuiga oreksini yenyewe bado zinafanyiwa utafiti.

Bw. Kitheka alisema, "Hata mimi nalala kanisani kila Jumapili, na sijaitiwa daktari." Wajumbe walicheka. Bi. Mabruka pia alicheka, taya likamlegea, akaanguka kutoka kitini.

Bi. Syokimau alipiga mayowe. Bw. Kitheka alisema, "Anaigiza huyu." Daktari alimshika kichwa, akakataza asimwagiwe maji. "Anasikia kila kitu," alisema.

Baada ya kama dakika moja Bi. Mabruka aliketi. Alimwambia Bw. Kitheka, "Siigizi." Kisha akamgeukia Katibu: "Nabiha, siku ya arusi ulisema, 'Mwacheni hapo hapo huyo mlevi, wageni wasimwone.' Mguu wangu ulikuwa umegusa jiko. Nilikuwa naungua na sauti haitoki." Alionyesha kovu.

Bw. Kitheka aliomba hayo yasiandikwe. Katibu alikataa. Katibu anathibitisha kwamba alitamka maneno hayo, na kwamba aliyaacha nje ya kumbukumbu za Aprili kwa makusudi.

KUMB. NA. 3/6/2025: MAAZIMIO
Barua ya ulevi ilifutwa. Bi. Mabruka atarudi kazini, mbali na moto, na mwenzake karibu. Mwenyekiti na Katibu watakwenda kwa mashemeji zake kesho kusema ukweli na kuomba radhi.

KUMB. NA. 4/6/2025: KUFUNGA
Bi. Syokimau aliongoza sala, na watu wakatawanyika saa kumi na dakika tano. Katibu alimpa Bi. Mabruka mkono. Hakuupokea.

Mwenyekiti: Muthama ..................
Katibu: Nabiha ..................