Chuma Juu ya Kaburi la Babu

Jumatano, 28 Januari 2009

Nimetoka maktaba ya Harrow, hapa London. Nilitaka kuona wameandika nini kuhusu kwetu. Kitabu kinene, picha nzuri, na Ilemi yote imepewa aya moja. Eneo la jangwa linalogombaniwa na Kenya, Sudan na Ethiopia. Mvua haba. Watu: wafugaji wa kuhamahama. Uchumi: hakuna wa kutajika.

Hakuna wa kutajika! Na mbuzi wanaoshushwa sokoni Lodwar kila wiki? Na ngozi? Na maziwa yaliyonilea hadi nikapata nguvu ya kuja huku kuwaogesha wazee wao? Hata ramani yao imechoka. Nchi nyingine zimechorewa mstari, sisi tumechorewa vidoti, kama mchuzi uliodondoka njiani. Nilifunga kitabu kwa kishindo, mama wa kaunta akanitazama. Atazame.

Lokwang ameshapandisha ng'ombe kwenye visima. Ndugu yangu huyo hangoji kuambiwa. Binamu yetu Akal, ambaye yuko Lodwar na ndiye mwenye simu, anasema kiangazi cha mwaka huu ni kibaya.

Ijumaa, 30 Januari 2009

Champa kaniita ofisini. Ndiye meneja wetu hapa nyumba ya wazee, Mhindi wa Kisumu, mwaka wa thelathini huku na bado anasema "iko". Nimepewa Mzee Douglas, chumba cha mwisho. Kiingereza kinampotea. Ugonjwa wa kusahau umekula kila alichosomea, ukabakiza Kiswahili cha yaya aliyemlea Kitale, alikozaliwa. Wenzangu wanadhani anawatukana. Champa akaniambia, "Wewe iko bahati, Teresia, unasikia lugha yake." Bahati gani, kutumwa na mzungu kwa Kiswahili ndani ya London?

Nikampelekea uji.  Akauliza:

"Yaya, ngamia imekunywa?"

Nikamwambia wamekunywa wote. Akala uji hadi mwisho.

Ukutani kuna picha. Kijana wa kaptura, ngamia, na nyuma yao mlima wenye nundu mbili. Huo mlima naujua. Nimeuona tangu nikibebwa mgongoni. Nikamfuta kinywa.

Jumatatu, 2 Februari 2009

Theluji mpaka magotini. Mabasi hakuna. Nimetembea hadi kazini, vidole vya miguu sivisikii. Nchi yenye maji mengi hivi na yanaanguka bure.

Ile picha imenikaa kichwani. Champa anasema mzee alikuwa afisa wa serikali huko kaskazini, mwaka wa hamsini hivi, akipanga mawe ya mpaka. Basi nimekumbuka hadithi ya baba. Kwetu kisima ni cha aliyekichimba, lakini mwenye kiu hanyimwi, hata awe adui. Babu alikuwa amezikwa juzi tu, hapo kwenye visima, chini ya rundo la mawe. Akatokea mzungu na askari wake, ndimi nje. Baba alikuwa mtoto, alikuwa anachota. Akawapa maji. Mzungu akanywa, akakaa juu ya kaburi, akaandika. Halafu askari wakapigilia chuma katikati ya mawe, na baba akalia, na hakuna aliyemuuliza analilia nini.

Tangu siku hiyo serikali husema Kenya inaishia penye kile chuma. Kaburi huku, visima ng'ambo, hatua chache. Sisi hatukujali. Kila kiangazi Lokwang humpelekea babu tumbaku, kisha hunywesha ng'ombe.

Wazungu walikuwa wengi. Si lazima awe huyu.

Jumatano, 4 Februari 2009

Amekuja mwanamke mwanasheria, Bi Fenwick. Viatu safi, sauti ya upole. Anataka mzee aeleze alipoweka alama ya mwisho ya mpaka. Mimi nitafsiri. Nilimuuliza anafanya kazi ya nani. Akasema ni utafiti tu. Lakini mara mbili aliniuliza kama watu wa kwetu wamewahi kuona mafuta yakitoka ardhini. Ala. Kumbe sasa jangwa lina uchumi.

Alitandika ramani kitandani, akanionyesha. Kama Douglas alifika mlimani na kuweka alama yake huko, visima viko ndani ya Kenya. Kama aliishia njiani, viko nje. Ripoti yake ya wakati ule imepotea, na wengine waliokuwa naye wamekufa. Limebaki neno lake. Na neno lake linapita kinywani mwangu.

Leo hakusema la maana. Aliimba, akatafuta ngamia, akalala. Bi Fenwick atarudi Jumanne.

Ijumaa, 6 Februari 2009

Wamevamiwa. Akal kapiga simu nikiwa kwenye basi. Alfajiri, kwenye visima. Ni nani, hajui. Ng'ombe wote wamekwenda. Lokwang haonekani.

Nimemaliza shifti. Nimebadilisha shuka sita. Sikulia, naogopa nikianza sitanyamaza.

Jumapili, 8 Februari 2009

Yu hai. Risasi ya paja. Amelala visimani, shangazi yuko naye anamnywesha. Wenye bunduki bado wako juu mlimani, jamaa hawathubutu kumbeba bila polisi.

Na polisi walikwenda! Akal anasema lori lilifika hadi kwenye chuma, likasimama. Mkubwa wao akasema hapo ndipo kazi yake inapoishia, mbele ni nchi ya watu, akivuka ataulizwa. Walimwona kwa darubini. Aliwainulia mkono. Wakageuza lori.

Wa upande wa pili je? Akal akacheka vibaya. Wa upande wa pili wanasema pale ni Kenya.

Nilikwenda misa. Padri alihubiri kuhusu jirani mwema. Nikatoka kabla ya sadaka.

Jumatatu, 9 Februari 2009

Hakuna simu. Misheni wanatafuta gari. Mzee Douglas kakataa dawa, akataka nimshike mkono. Nikamshika. Mkono mdogo, baridi, ngozi kama ya kitunguu. Sina mahali pa kuiweka hasira yangu.

Jumanne, 10 Februari 2009

Naandika nikiwa nimesimama pantri, daftari juu ya friji. Bi Fenwick yuko chumbani kwa mzee, anasubiri. Nimemwambia kwamba mzee anataka maji. Mzee hakuwa ameomba maji.

Leo ameamka akiwa na akili yake. Anaitikia jina. Bi Fenwick akawasha mashine ya kunasa sauti, akaniambia nimuulize: alifika mlimani? Nikamuuliza. Akanijibu polepole, anatazama picha:

"Mlima hapana fika, yaya. Mbali sana. Maji kwisha, askari nataka kufa. Mimi naona kaburi. Mawe mingi, mzuri. Mimi nasema basi, hapa. Tia chuma."

 Nikauliza jambo ambalo hakuna aliyenituma kuuliza. Nani aliwapa maji?

"Mtoto. Mtoto mzuri sana. Nakunywa, nakunywa. Halafu yeye analia." Akanigeukia. "Kwa nini yeye analia, yaya?"

Bi Fenwick alikuwa akinitazama, kalamu juu. Amesema nini? Alifika? Nikasema maji, nikatoka.

Kwa hiyo ni yeye. Alichoka tu. Hakuna hesabu, hakuna makubaliano ya wakubwa, hakuna chochote cha vile vitabu vinene. Kijana alichoka kwa jua, akaona mawe yaliyokwisha kupangwa na watu wengine kwa kazi nyingine, na Kenya ikaishia hapo. Na nguvu ya kupigilia chuma aliipata kwa maji ya baba yangu.

Nikisema kweli, Lokwang amelala nje ya Kenya, na kila lori litakalokuja litageuza. Nikisema alifika, visima ni vyetu. Kwa karatasi. Halafu watakuja hao wanaomlipa Bi Fenwick, watazungushia waya, na Lokwang akipona atawaomba ruhusa ya kunywesha. Na ile mashine imenasa. Labda siku moja watamtafuta mtu mwingine anayesikia Kiswahili. Labda hawatamtafuta. Nani anahangaika na maneno ya mzee aliyesahau na yaya wake?

Simu iko mfukoni, kimya tangu jana.

Sasa ameanza kuomba kweli. Namsikia kupitia ukuta. "Yaya, maji." Maji yake hutiwa unga yawe mazito, asipaliwe. Nimetia, nimekoroga. Kwa dakika moja nilisimama na kikombe nikifikiria kukimwaga kwenye sinki, nione na yeye atamwinulia nani mkono. Sikumwaga. Baba hakumnyima. Namchukia, na maji nitampa.

Hilo la maji nimelimaliza. La pili ndilo nalijaribu hapa, kwa Kiingereza, chinichini, huku bomba likimwagika nisisikike. Anasema alifika mlimani. Anasema aliweka chuma cha mwisho huko. Nimelirudia mara kadhaa. Nilidhani litanikwama kooni, halikwami.

Champa anabisha mlango, anauliza maji yako wapi.